Risala Tuliyomsomea Diwani wa Watu

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Tangu asubuhi ni mvua iliyochanganyika na theluji, ile inayoanguka nyeupe na kugusa lami ikawa tope. Saa tisa na nusu alasiri taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka zote.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza, nisije baadaye nikajifanya kwamba nilikuwa natafakari. Sababu ninayo. Ila sina hakika kama hasira yangu yote imeelekea panapostahili, na mimi ni mtu wa darasa la saba, kupanga hoja sijafundishwa. Kwa hiyo nitaeleza siku ilivyokwenda, na kila mtu nitampa haki yake, hata yule ambaye nikimwona kesho nitavuka barabara.

Chama chetu cha Kiswahili kina chumba. Kipo chini kabisa kwenye jengo la ghorofa, kando ya chumba cha kufulia nguo, mbali kidogo na mtaani kwetu Rissne, lakini kwa treni si safari ya kulalamikia. Kina jiko la umeme ambalo sahani moja haiwaki, jokofu, na meza ndefu tuliyoiokota kanisani walipokuwa wanaitupa. Jumamosi watoto wetu hukutana pale: wa Kenya, wa Tanzania, wa Kongo, wa Burundi. Sisi wazazi si walimu. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwasikiliza. Tunachofanya pale ni kupika na watoto, na sharti ni moja tu: unachotaka, kiombe kwa Kiswahili. Hukiombi, hupewi.

Binti yangu ana miaka tisa. Miaka yote nimemsemesha Kiswahili na miaka yote amenijibu Kiswidi, kwa adabu kabisa, kama mtu wa benki. Mwezi wa tatu mwaka huu, pale jikoni, aligombea mwiko na mtoto wa Kirundi. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikamsikia anasema, "Wewe ulikoroga wiki ile, leo zamu yangu. Usinizoee." Sikuinua kichwa. Niliogopa nikimtazama atanyamaza. Kuimba hata kasuku anaimba, lakini mtoto akishagombana kwa lugha, ameipata. Tangu siku hiyo ananijibu. Si kila mara, na akichoka hurudi kwenye Kiswidi chake, lakini ananijibu. Na kwa nini ananijibu najua: ni kile chumba. Nyumbani hana wa kugombana naye.

Sasa halmashauri inataka kujenga upya upande ule wa mtaa. Mchoro umebandikwa mlangoni pa jengo, na mahali pa chumba chetu pamechorwa baiskeli. Safi sana, zimepangwa mstari. Sheria za hapa zinataka, kabla ya kuamua, watu wa mtaa wasikilizwe, na kwa haki walitimiza: walituandikia kwamba leo saa kumi watatuma mtu wa mipango miji, akae nasi saa nzima, tumweleze tunaonaje.

Hapo ndipo anapoingia mwenyekiti wetu. Ni Mkenya, nesi, na bila yeye tusingekuwa na chumba chochote cha kupoteza, hilo ni lazima liandikwe. Mumewe ni Mwayalandi anayefanya kazi ya kompyuta hapa mjini. Kaka mkubwa wa huyo mume amekuja kuwatembelea wiki hii nyumbani kwao, mtaa wa Bredäng, na huyo kaka ni diwani kwao, wilaya fulani ya magharibi ya kisiwa chao. Mwenyekiti alituandikia kwenye simu kwamba Mungu ametuletea diwani wakati tunamhitaji diwani. Wakubwa husikilizana. Akatangaza kwamba shemeji yake atakuwa mgeni rasmi.

Niliona kuna kitu hakikai sawa. Nikampigia. Nilimuuliza kama risala isingefaa kusomewa yule wa halmashauri, na kwa Kiswidi.

"Dada," akaniambia, "risala inasomewa mgeni rasmi. Huyo wa halmashauri si atakuwa amekaa hapo anasikia?"

Nikakubali. Kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Wapi umeona risala inasomewa karani?

Basi leo saa kumi kasoro robo tulikuwa tayari. Meza kuu ilivishwa kitambaa, maji ya chupa, maua ya plastiki. Diwani alikuja na tai na koti la sufu, mvi zake zimechanwa vizuri, na kopo kubwa la biskuti kwa ajili ya watoto. Alisalimia kila mtu kwa mkono, na kwa kila mkono alisema "habari", akalitamka vibaya na kucheka mwenyewe. Mtu wa watu. Nilimpenda, nakiri, kwa muda wa kama robo saa.

Wa halmashauri alikuja baada yake. Msichana wa miaka ishirini na kitu, begi mgongoni, koti la mvua, nywele zimelowa. Alivua viatu mlangoni na kubaki na soksi. Hakuna aliyemtambulisha kwa sababu hakuna aliyejua ni yeye, mpaka aliposema mwenyewe kwa sauti ndogo. Akaonyeshwa kiti nyuma, kile kifupi cha watoto, karibu na jokofu. Mama mmoja alimpa chai, akamwomba asogee kidogo ili picha ya meza kuu itoke vizuri. Akasogea. Watu wa hapa ndivyo walivyo: mwenye kalamu ya kuamua huja na soksi, nasi macho yetu yanatafuta tai.

Ikaanza ratiba. Sala ya Wakristo, dua yetu Waislamu, utambulisho, watoto wakaimba. Ndipo ikasomwa risala. Msomaji alikuwa baba mmoja Mkongomani anayesafisha treni zamu ya alfajiri. Wiki nzima alikuwa anafanya mazoezi, na leo aliomba ruhusa kazini. "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa," alianza, na akasoma kwa sauti ya kanisani, akisimama panapotakiwa, na vineno vyake vya Kifaransa hapa na pale. Yote yalikuwemo. Chumba, jiko, watoto waliokuwa bubu kwa lugha ya mama zao na sasa wanaongea, baiskeli kwenye mchoro, ombi letu kwamba kwenye jengo jipya tubakiziwe nafasi yenye jiko. Ule mstari wa watoto kuwa bubu aliusoma mara mbili.

Mwenyekiti alikuwa anamnong'oneza shemeji yake Kiingereza sikioni. Mimi nilikuwa namtazama yule msichana. Alikuwa anatabasamu, mikono imelala mapajani, kalamu iko juu ya daftari haijaguswa. Alidhani ni shairi la kumkaribisha mgeni. Tulipopiga makofi akapiga makofi. Tulipomaliza, risala yenyewe ikafungwa utepe na watoto wawili wakampelekea diwani, naye akaibusu, akaiweka mfukoni.

Kisha akasimama kujibu, kwa Kiingereza. Na yule msichana, ambaye Kiingereza anakijua kama watu wote wa hapa, akashika kalamu.

Nitaandika alichosema, maana mengine yalikuwa ya maana na sitaki kumwonea. Alianza na siasa za kwao. Alisema vyama viwili vikubwa vilichukiana tangu babu zao walipopigana, watu walinyimana wachumba kwa sababu ya chama, halafu leo vimekaa serikali moja vinagawana viti, na chuki wameachiwa wapiga kura. Yeye hana chama. Diwani wa kwao, alisema, kazi yake ya kwanza ni kuzika: asiyeonekana msibani haonekani kwenye sanduku la kura. Hapo tulicheka wote, hilo tunalijua hata sisi.

Mwenyekiti alikuwa anatafsiri kila sentensi kwa Kiswahili kwa ajili ya wasiojua Kiingereza, kwa hiyo kila kitu kilichukua muda mara mbili. Tulicheka kwa mafungu.

Akaingia kwenye mambo ya ujenzi, na hapo alipandisha sauti. Kijana anataka kujenga kwenye shamba la baba yake ananyimwa kibali, anaambiwa nyumba itaharibu mandhari. "Mandhari ya nani?" aliuliza. Wakati nyumba za likizo za watu wa mjini zinakaa giza majira yote ya baridi. Mwenye kuogopa nyumba mpya, alisema, anaogopa watoto. Jengeni. Jengeni kwanza, mengine yatafuata. Akapiga meza kuu kwa kiganja, chupa ya maji ikaruka. Na watu wetu wakapiga makofi. Mimi pia viganja vyangu viligusana, kwa mazoea. Kalamu nyuma pale karibu na jokofu ilikuwa inakimbia.

Mwisho akaja kwenye lugha. Lugha ya wazee wao ilikaribia kufa, sasa ina heshima: vibao vyote vya barabara kwa lugha mbili, barua za serikali kwa lugha mbili, na sehemu ambako bado inaongewa, nyumba nyingine mpya hupewa tu anayeonyesha kwamba anaiongea. Yeye mwenyewe alipigania kibao cha njia panda ya kijiji chake mpaka kikasimamishwa, na siku aliyokiona alilia. Akatugeukia, mikono wazi, akasema nasi tudai vibao. Tudai Kiswahili kiandikwe ukutani pa jengo jipya, mtoto akipita akione.

Alipoketi zilikuwa zimebaki dakika chache. Niliinua mkono. Mwenyekiti alinionyesha kwa macho: neno la shukrani kwanza, mengineyo baadaye. Neno la shukrani likatolewa. Ndipo yule msichana akasimama, akasema kwa Kiswidi kwamba inabidi aondoke, anakwenda kumchukua mtoto wake shule ya chekechea, lakini angependa kusoma alichoelewa ili tuone kama ni sawa. Alifungua daftari.

Alisema chama kinaunga mkono nyumba mpya, tena nyingi. Chama kinaomba vibao vya lugha zaidi ya moja. Na chama kinapendekeza lugha ifikiriwe wakati wa kugawa nyumba, jambo ambalo kwa bahati mbaya sheria ya hapa hairuhusu. Akauliza, "Nimeelewa vizuri?"

Mwenyekiti, kwa uso wa kuagana na wageni, akasema ndiyo, tunashukuru sana.

Nilimfuata msichana mpaka kwenye korido, mashine za kufulia zinazunguka pembeni, yeye anafunga kamba za viatu. Nilimwambia kwa Kiswidi changu cha kazini kwamba shida yetu ni chumba. Akauliza chumba gani. Nikamwambia hiki. Aligeuka akakitazama kupitia mlango uliokuwa wazi, kitambaa, maua, watoto wanagawana biskuti, na uso ukambadilika. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwamba anaandika kilichosemwa mkutanoni, hawezi kuongeza ambacho hakusikia. Mimi naweza kuandika peke yangu, maoni bado yanapokelewa, lakini yatakuwa ya mtu mmoja. Maoni ya chama yatabaki haya, mpaka chama chenyewe kiseme vingine. Akaomba radhi kwamba anachelewa, akapanda ngazi.

Nikarudi ndani. Wameshaanza kukunja kitambaa. Baba Mkongomani alikuwa anapongezwa kwa usomaji wake na yeye anainamisha kichwa kwa furaha, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Nilimwomba mwenyekiti anitafsirie kwa shemeji yake. Nilisema mengi. Nilisema tumempa neno letu akaliweka mfukoni. Nilisema amekuja na magomvi ya kwao na kuyatema kwetu, na sasa serikali ya hapa inajua habari za mashamba ya Ayalandi na haijui habari za jiko hili. Nilisema mpaka nikaishiwa pumzi. Mwenyekiti akamgeukia, akasema sentensi moja fupi, na diwani akaweka mkono kifuani akanishukuru.

Basi nikatumia Kiingereza changu mwenyewe, kile kidogo. Nikamwambia, "Yule msichana ndiye alikuwa wa halmashauri, na ameandika maneno yako kuwa yetu."

Alibaki na kikombe mkononi. Akauliza, "Yule mwenye soksi?" Alidhani ni mwalimu wa watoto. Na hapa ni lazima niwe wa haki: hakuwa ameambiwa. Aliambiwa aje asalimie watoto na kusema maneno ya kutia moyo. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakukubali kubeba peke yake. Alisema kwao wangemzomea kabla hajamaliza habari za vyama. "Ninyi mlikaa kimya mnapiga makofi. Nilidhani mmekubali."

Hilo liliniwasha zaidi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Nikatafuta cha kumrudishia. Nikamuuliza, "Watoto wako wanaiongea hiyo lugha?"

Alikiweka kikombe chini, akakichukua tena.

"Wanaweza kusoma vibao," akasema.

Baba Mkongomani aliniuliza diwani amesema nini, na msichana ameandika nini. Nikamwambia. Akaketi kwenye kile kiti kifupi cha watoto, akajifuta uso kwa kiganja.

Hapo nikamgeukia mwenyekiti. Nilimwambia kazi ni yake sasa, aende akaseme kwamba yale hayakuwa maoni yetu. Akakunja kitambaa mara ya pili, kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Unataka nimwaibishe shemeji yangu mbele ya serikali ya watu?"

"Shemeji yako anaondoka," nikamwambia. "Watoto wanabaki."

"Wewe rahisi kwako. Huyu nitakaa naye mezani Krismasi zote za maisha yangu."

Diwani alitaka kujua tunagombana nini. Nikamwambia mwenyewe. Akatoa ile risala mfukoni, utepe bado umefungwa, akampa baba Mkongomani kwa mikono miwili. Kwa shemeji yake alisema: waambie nilikuwa naongelea kwetu. Mwenyekiti akakibana kitambaa kwapani. Alisema ataongea na mumewe. Nikavaa koti na sikuaga, na hilo la kutoaga naliandika pia, kwa sababu ameleta biskuti na watoto walizifurahia.

Njiani kwenye treni nilikuwa najibizana na watu ambao hawapo. Nilimwambia diwani kwamba yeye amepata vibao vyote alivyotaka na nyumbani kwake hakuna wa kumjibu, na badala ya kutuonya ametuuzia dawa ambayo haikumponya. Kisha nikafikiri: labda hajui kwamba haikumponya. Mtu aliyepigania kibao maisha yake yote, utamwambiaje? Halafu nikakasirika tena kwa kumwonea huruma. Kisha nikatukasirikia sisi wenyewe. Msichana alikuja kutusikiliza, tumempa chai na kumwambia asogee.

Nimefika nyumbani mume wangu amesharudi kutoka kuendesha basi lake, binti yuko mezani na hesabu za shule. Nilipokuwa nakatakata vitunguu simu ikalia. Ni mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa kavu. Alisema shemeji amemsema, mume amemsema, na sasa ananiambia mimi nimsikilize: Ijumaa asubuhi ofisi ya mipango inapokea watu. Yeye atakwenda na kusema kwamba chama kilieleweka vibaya. Hilo tu. Mengine hatasema.

"Habari ya chumba utaisema wewe," akaniambia. "Mimi nimeshaongea ya kutosha kwa mwaka huu."

"Kwa Kiswidi changu hiki?"

"Kwa hicho hicho. Ulitoa maneno yote yale mbele ya watu, utashindwa kumwambia msichana mmoja?"

Nikamuuliza kama baba Mkongomani anakuja. Akasema ameshabadilisha zamu. Akakata simu bila kuaga, na sawa, tumelipana.

Sijui kama itasaidia. Mchoro umechorwa, na mchoro wa watu hawa si kitu cha kufutwa kwa kidole. Nimejaribu kichwani sentensi ya kwanza na kila nikianza inakuja na salamu ndefu mbele yake, na nikiziondoa salamu naona kama naingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Bado nina hasira na mwenyekiti. Ijumaa nitakaa naye kiti kwa kiti.

Usiku huu tumekula ugali na spinachi ya kugandishwa, mayai ya kukaanga, na vitunguu vilivyoungua nilipokuwa kwenye simu. Binti ametenga vitunguu pembeni mwa sahani. Mume wangu amevila vyote, vya kwake na vya binti.